Kabla Hajala Kiapo cha Nchi ya Watu

(Hotuba niliyoitoa jijini Dodoma mbele ya wazazi na ndugu wa Watanzania wanaoishi nje. Nimeiandika karibu na nilivyoisema. Salamu nimezipunguza, waliodakia katikati nimewaacha, maana walisaidia kuliko karatasi yangu.)

Mbukwenyi!

Haya, naona hata wa Moshi na Bukoba mmeitikia salamu ya Kigogo. Dodoma imewapokea.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na ninyi vijana mliorudi likizo na makoti mmeyabeba mkononi kwa jua hili, asanteni kwa kufika. Waandaaji waliniomba nizungumzie uraia pacha, yaani mtu kuwa raia wa nchi mbili kwa pamoja. Nikawaambia uraia pacha ni mada ya Bunge, na Bunge mnalo hapa hapa mjini, likikaa mtaenda kulisikiliza. Mimi nitasema jambo dogo zaidi, ambalo ndilo linaloniletea watu ofisini. Mtoto wako amekaa nje miaka kumi, kumi na mitano. Makaratasi yake yametulia, kazi anayo, watoto wamezaliwa huko. Sasa ameandikiwa barua kwamba ombi lake la uraia limekubaliwa, afike siku fulani ale kiapo. Ale au asile? Na akishakula, huku nyumbani anabaki kuwa nani?

Nitasema mapema ninachokiamini, ili mwenye haraka ya kuwahi basi la Kondoa aondoke nacho. Uamuzi huu unapimwa kabla ya kiapo. Baada ya kiapo hakuna cha kupima, sheria yetu imeshakata. Na kikao cha kuupima hakiwezi kuwa cha yeye na mwenzi wake peke yao huko waliko. Ninyi mliobaki mmo, kwa sababu hati za viwanja vyake zimeandikwa majina yenu.

Sheria nitaipita upesi kisha twende kwenye maisha. Sheria ya Uraia tuliyonayo ni ya mwaka 1995, Sura ya 357. Mtu aliyefikisha miaka 18 akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, anakoma kuwa raia wa Tanzania. Hatumiwi barua, hapigiwi simu na afisa yeyote, wala jina lake halitangazwi gazetini. Aliyepata uraia wa kigeni kwa njia ya ndoa, sheria inamtazama kwa namna yake. Mwenye hali hiyo asichukue ushauri wa jukwaani, aje na karatasi zake tukae.

Ipo njia ya pili, ya mtu kuandika tamko kwamba anaukana uraia wa Tanzania, na tamko hilo likasajiliwa serikalini. Hapo ndipo wengi wanapojichanganya. Kijana ananipigia simu kutoka Birmingham: "Wakili, mimi sijaukana uraia. Ubalozini sijasaini kitu. Nimechukua tu pasi ya Uingereza kwa ajili ya safari." Namuuliza, ulikula kiapo lini? Ananitajia mwaka. Namwambia, basi mwanangu, ulishatoka tangu mwaka huo. Lile tamko ni la anayetoka akiaga. Wewe hukuaga, lakini umetoka.

Hapa mzee mmoja wa mstari wa mbele alisimama na fimbo yake, akasema mwanawe yuko Hamburg na amemhakikishia kwamba Wajerumani siku hizi wanaruhusu uraia wa nchi mbili.

Ni kweli, mzee wangu. Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani inaruhusu. Zamani mtu aliyetoka nje ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida alitakiwa aachane kwanza na uraia wa kwao. Wamepunguza hata miaka ya kukaa kabla ya kuomba, kutoka minane hadi mitano. Kijana wako hajakudanganya. Ila amesoma upande mmoja. Berlin imeacha kudai. Anayekata sasa ni Dodoma. Ili mtu awe na uraia wa nchi mbili lazima nchi zote mbili ziwe zimekubali, na yetu haijakubali. Uingereza hawana shida nalo, Kanada hawana shida, Sweden tangu 2001, Denmark tangu 2015, Norway tangu 2020. Hakuna kati ya hao atakayemwambia mwanao airudishe pasi ya Tanzania. Marekani kiapo chao kina maneno ya kuacha utii kwa dola nyingine, lakini wakishamwapisha hawamfuatilii. Kwa hiyo kijana anasikia kimya kila upande, naye anakichukulia kimya kile kuwa ruhusa.

Wapo wanaodai kweli. Uholanzi kwa kawaida hudai, Austria nao hudai. Huko hatari ni ya mpangilio. Nchi ikikwambia uachane na uraia wako ndipo ikupokee, usiachane na chochote mpaka ushike karatasi yao inayoahidi kukupokea. Mtu akitoka huku, halafu kule wakamkataa kwa sababu ya kesi ya barabarani au kazi iliyokatika, anabaki hana nchi. Hana pasi ya kusafiria na hana ubalozi wa kumtetea. Mama mwenye kijana Uholanzi, nimekuona umeandika. Tutaongea.

Niwape mfano mmoja. Nimebadilisha mambo ya kutosha ili ndugu zake, kama wamo humu, wasianze kutazamana. Ni muuguzi, kwao ni vijiji vya upande wa Bahi. Alikwenda Marekani kusoma, akapata kazi, akapata ukaazi, mwishowe akaapa. Huku hakumwambia mtu. Hakuwa na nia mbaya, aliona mama yake ataumia. Miaka ikapita, mama akaugua. Binti akakata tiketi ya haraka, na kwa kuwa pasi yake ya Tanzania ilikuwa imeisha muda, akaingia kwa ile ya Marekani. Mmarekani kuingia Tanzania analipa viza dola 100, wakati wengi wa mataifa mengine wanalipa 50. Akalipa. Afisa akasoma jina, akamtazama usoni, akamwambia, "Karibu Tanzania, dada," akagonga muhuri.

Pasi ile niliiona mezani kwangu baadaye. Muhuri ulikuwa umekaa upande, wino wake umefifia pembeni, na ndani yake siku alizopewa: 90. Alikuwa akiongea huku anaupapasa kwa kidole gumba, kama mtu anayetaka kufuta doa kwenye kitambaa cha meza.

Mama alifariki ndani ya siku hizo. Matanga yakaisha, vikao vya mirathi vikaanza, na siku zake zikawa zinayoyoma. Ndipo ikajulikana, kwa sababu ilibidi aeleze kwa nini hawezi kusubiri kikao cha mwezi ujao. Kaka yake mkubwa akamuuliza mbele ya wazee: "Kwa hiyo hapa wewe unakaa kama nani?" Wazee walimkemea, lakini lilikuwa limeshatoka. Na lilimuuma kwa sababu kisheria swali lile lilikuwa na jibu.

Sasa tuje kwenye ardhi, maana Dodoma ya leo ni viwanja. Tangu serikali ihamie kwelikweli, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji na sheria ikaitamka kuwa makao makuu, hakuna mtoto wa ughaibuni asiyekuwa na kiwanja Iyumbu, Nala, Ihumwa au Mtumba, au walau picha ya kiwanja kwenye simu. (Kiwanja na picha ya kiwanja ni vitu viwili. Hiyo ni hotuba ya siku nyingine.) Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, kifungu cha 20, inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na kwa utaratibu wa uwekezaji. Shamba la kijijini lenye hati ya kimila linakwenda na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huo huo, na huko mgeni ana kazi kubwa zaidi.

Watu wetu wamefanyaje? Wameandikisha kwa jina la kaka, la dada, la mama mdogo. Mnacheka kwa sababu mnajijua. Ndugu anashika hati kwa uaminifu kabisa miaka sita. Halafu anafariki, au anaongeza mke wa pili, au biashara inayumba na hati inakwenda benki kuwa dhamana ya mkopo. Mjane wa kaka atadai nyumba iliyoandikwa jina la mumewe. Mahakama itatazama hati na ushahidi, na wewe uko Ohio na meseji za WhatsApp za hela ya saruji na nondo. Niliwahi kusimama upande wa mjane kwenye kesi ya namna hiyo, na niseme kweli, usiku nililala vizuri. Ile nyumba yeye ndiye aliyekuwa akiifagia.

Mtindo huu wa jina la ndugu wanautumia hata ambao bado ni raia, najua. Tofauti ni kwamba aliye raia akidhulumiwa anaingia mahakamani kifua mbele. Aliyeapa kwa siri anaogopa hata kufungua shauri, kwa sababu anajua ataulizwa utaifa wake kwenye aya ya kwanza ya maelezo. Ndugu naye anajua kwamba anaogopa. Nimeona watu wanapoteza nyumba ya ghorofa kwa hofu hiyo tu, bila hakimu kusema neno.

Hapo nifungue dirisha kidogo. Mwanzoni mwa 2025, humu humu jijini, Bunge lilipitisha marekebisho yaliyogusa Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kuanzisha hadhi maalumu kwa mtu mwenye asili ya Tanzania aliye raia wa nchi nyingine. Wazo si la jana. Bunge Maalumu la Katiba lililokaa hapa mwaka 2014 liliandika kitu cha aina hiyo kwenye Katiba Inayopendekezwa. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, wazo likalala pamoja nayo. Sasa limeamkia kwenye sheria ya kawaida. Ethiopia walianza zamani, 2002, na India 2005. Nchi zote mbili zinakataa uraia wa nchi mbili kama sisi, lakini mtoto wao wa nje wanampa kadi inayomruhusu aingie, akae na afanye shughuli zake.

Hadhi maalumu si uraia. Haimpi mtu kura wala ubunge. Lakini inamtoa kwenye foleni ya watalii, na kwenye ardhi inamfungulia njia ambayo mgeni mwingine hana. Mtu wenu aliyekwisha kuapa mwambieni aulize Uhamiaji au ubalozini masharti yakoje, ardhi ya aina gani, kwa utaratibu gani. Aulize kwa maandishi na ajibiwe kwa maandishi. Sitaki kusikia mtu amenunua ekari Chamwino kwa sababu wakili alisema ukumbini.

Na hadhi hiyo huwezi kuiomba huku unajifanya raia. Hapo ndipo siri inapomfunga mtu. Kitambulisho cha NIDA cha raia kiko mfukoni, laini ya simu imesajiliwa kwacho, akaunti ya benki imefunguliwa kwacho, na mwaka wa uchaguzi ukimkuta yuko likizo anapanga mstari na kupiga kura. Kila mara anapofanya hivyo anaiambia serikali jambo lisilo kweli, na la jana linasubiri la leo lije liliongezee uzito. Kuchukua uraia wa nchi nyingine hakumfanyi mtu mhalifu. Kutumia pasi ya Tanzania wakati si raia ni kosa.

(Vijana wa nyuma, mnaonong'onezana kuhusu waliojilipua: nawasikia. Wazee, hao ni vijana wetu waliofika Uingereza miaka ya tisini na elfu mbili mwanzoni, wakajieleza kuwa wametoka Somalia au Burundi ili wapewe hifadhi, na majina wakabadilisha. Wengine leo wana wajukuu. Habari zao siziwezi mbele ya watu. Nitasema tu kwamba mirathi inapomtafuta mtoto wa marehemu kwa jina alilobatizwa nalo Mvumi, haimpati kirahisi London.)

Basi abaki na ukaazi wa kudumu, asiape? Wengi hushauri hivyo upesi, na kwa baadhi ya watu ni ushauri mzuri kabisa. Ukaazi wa kudumu unampa kazi, matibabu, shule ya watoto, na Utanzania wake unabaki mzima. Mtu wa miaka hamsini mwenye mashamba Kongwa na mpango wa kustaafu huku, mimi ningemwambia asiape. Anapata nini zaidi? Foleni fupi uwanja wa ndege?

Lakini sikilizeni jambo linalonisumbua mimi kuliko vifungu vyote nilivyovitaja. Ukaazi wa kudumu unakufa ukiuacha. Uingereza, aliyepewa ukaazi wa kudumu akikaa nje miaka miwili mfululizo unakoma. Ujerumani kwa kawaida ni miezi sita. Marekani, mwenye green card akipitisha mwaka mzima nje bila kibali cha kurudi ana maelezo marefu ya kutoa mlangoni. Kanada wanahesabu siku, 730 ndani ya kila miaka mitano.

Sasa baba amepata kiharusi Mpwapwa. Anahitaji mtu wa kumgeuza kitandani, kumlisha uji, kumpeleka mazoezi. Hela ya kutuma ipo, mikono haipo. Mwenye ukaazi anakuja miezi mitano, halafu anarudi mbio kuokoa makaratasi yake, na baba anaanza upya na msichana wa kazi. Aliyechukua uraia wa kule anaweza kufunga mizigo akakaa huku miaka mitatu. Kule mlango hauna wa kumfungia. Yaani aliyeuacha uraia wetu ndiye mwenye nafasi ya kuja kumuuguza baba, na akija anakaa kwa viza. Mliokuwa mnataka nizungumzie uzalendo, anzeni na huyo. Mtoto gani hapo amemkimbia nani?

Mama mmoja akasema, bila hata kunyoosha mkono: "Sasa hii nchi yetu kwa nini ina roho ya namna hiyo?"

Mama, nadhani si roho mbaya, ni umri. Nchi hii ilizaliwa na swali la uraia mkononi. Oktoba 1961, hata uhuru haujafika, muswada wa uraia ulipojadiliwa walikuwepo waliotaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika weusi peke yao. Nyerere aliwapinga vikali na akasema yuko tayari kujiuzulu kuliko kulikubali hilo. Akashinda. Mhindi, Mwarabu, Mzungu aliyekuwa hapa akaweza kuwa raia kama mimi na wewe. Lakini awe wa hapa tu. Waliokuwa na uraia mwingine walipewa miaka miwili baada ya uhuru wachague. Mnaona mantiki yake? Tulipokubali kutotazama rangi, tukadai mguu mmoja usibaki nje. Kwa nchi changa ya 1961 mimi naielewa hesabu hiyo. Kwa leo siielewi vizuri. Kenya wameruhusu tangu Katiba yao ya 2010, Uganda tangu 2009, Rwanda na Burundi wanaruhusu, na hakuna aliyevunjika. Bernard Membe akiwa Waziri wa Mambo ya Nje alilisukuma jambo hili hadharani. Halikupita. Kwa hiyo wakili wenu anawashauri kwa sheria iliyopo, siyo anayoitamani.

Na tusijifanye kwamba sisi tunadaiwa tu. Tumewadai wengine. Waburundi waliokimbia mauaji ya 1972 waliishi Ulyankulu huko Tabora, na Katumba na Mishamo huko Katavi, wakazaa, wakajukuu. Zaidi ya 162,000 wakapewa uraia wa Tanzania, na vyeti vyenyewe vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Sharti mojawapo lilikuwa waachane na uraia wa Burundi. Wengine walikataa, wakachagua kurudi kwao. Nimewahi kuzungumza na mzee mmoja wa Ulyankulu aliyekuwa na shughuli hapa mjini. Nilitegemea aniambie uchungu wa kuiacha Burundi. Hakuniambia hivyo. Alisema ile fomu aliisaini siku moja. Kilichowachukua miezi ni vikao. Nani anabaki, nani anarudi, makaburi ya huku atayatazama nani, shamba la baba kule Bururi atalidai nani. Mdogo wake alirudi. Yeye alibaki. Waligawana mambo wakiwa wamekaa mkeka mmoja, kila mtu anajua mwenzake anachukua nini na anaacha nini, na mpaka leo wanapigiana simu. Sisi wenye pasi na shahada tunafanya jambo lile lile kwa kujificha chooni na simu.

Upande wa kule nako kuna gharama zisizoonekana kwenye picha za siku ya kiapo, zile za kibendera mkononi. Marekani inamdai raia wake ritani ya kodi popote alipo duniani. Akistaafu akarudi Kondoa kufuga kuku, bado ana fomu za kujaza, na akaunti zake za huku zikifika jumla ya zaidi ya dola 10,000 anatakiwa aziripoti. Sisi kodi yetu inatazama mtu anakaa wapi na kipato kimepatikana wapi, haitazami pasi. Mtoto aliyezaliwa Marekani analo deni hilo la fomu tangu kuzaliwa, hata kama amelelewa Area D na Kiingereza chake ni cha shule ya hapa.

Watoto, kwa kifupi. Mtoto mwenye uraia wa nchi mbili kwa kuzaliwa sheria yetu inamvumilia mpaka miaka 18. Akifika hapo anatakiwa achague, na kuchagua Tanzania maana yake ni kuukana ule mwingine ndani ya muda uliowekwa. Akinyamaza, unaomponyoka ni wa huku. Wajukuu wenu wa miaka 16 na 17 walioko Toronto na Oslo hawalijui hili. Wazazi wao wengi hawalijui pia. Ulizeni leo jioni mkipiga simu.

Mtaniuliza msimamo wangu. Mama anayelea watoto peke yake kwenye nchi ambayo kila uchaguzi wageni ndio wanaosemwa, achukue uraia wa kule, na asione haya. Anayetaka kazi ambayo bila uraia haipati, achukue. Aliyekimbia huku kwa sababu anazozijua mwenyewe, achukue. Anayechukua kwa sababu wenzake wote wa kundi la WhatsApp wamechukua, angoje. Kura nayo msiitie chumvi sana: Mtanzania aliye nje hapigi kura ya huku akiwa huko, hata awe na pasi mpya kabisa, kwa hiyo kura anayolilia kuipoteza pengine hajaipiga tangu aondoke. Ninachokipa uzito mimi ni wazazi, ardhi na watoto, kwa mfuatano huo, na mwenye mfuatano mwingine simlaumu.

Lakini yeyote atakayeapa, kabla ya siku hiyo apange mambo yake akiwa bado raia na ana sauti ya raia. Kiwanja chenye jina lake aulize mapema kitakuwaje. Kilicho kwa jina la ndugu, waandikishiane makubaliano mbele ya wakili, na mke wa ndugu awepo, asaini. Wosia wa mzazi uandikwe mzazi akiwa na nguvu, umtaje mtoto aliye nje kwa jina na useme anapewa nini, hata kama ni ng'ombe wawili. Na wazazi waambiwe. Nimeshuhudia wazazi wengi wakiambiwa, na wengi wanachouliza kwanza ni kama mtoto ataweza kuja kuzika. Mjibuni kwamba ataweza.

Nimesema nitaongea nusu saa, nimewaongopea. Mama mwenye kijana Uholanzi, usiondoke. Umeandika hapa kwamba kiapo chake ni mwezi ujao, na nataka nijue kama ameshapeleka tamko lolote kwenye ubalozi wetu huko. Kama hajapeleka, mpigie sasa hivi umwambie asitangulize chochote mpaka nione barua yao. Wengine, mikono juu tuanze na huyu mzee wa Hamburg, maana naona bado hajaridhika.